Nani anakujua hapa? Watu wa kwenye simu na watu wa kubeba friji

Mabatini, hapa Mwanza, ina nyumba ambazo gari halizifikii. Kirikuu inakushusha chini barabarani, na kuanzia hapo ni ngazi za mawe, vichochoro vya mtu mmoja na nusu, na miamba ambayo waliojenga walishindwa kuipasua wakaizunguka. Mwaka jana nilihamia huko juu, nikiwa na friji.

Siku mbili kabla niliweka stetasi kwenye WhatsApp: "Jumamosi saa mbili asubuhi nahama, wenye mabega karibuni, soda zipo." Hadi Ijumaa usiku walikuwa wameiona watu 87. Ikaja mioyo, mikono ya dua, "hongera kaka", "Mungu akutangulie". Mmoja aliuliza kama huko juu maji yanafika. Jumamosi walikuja wanne. Binamu yangu wa Igoma. Mwenzangu niliyesoma naye sekondari. Jirani mpya ambaye hata namba yangu hakuwa nayo. Alitukuta tunahema kwenye kona, akatua ndoo yake akashika. Na kijana anayechoma mahindi pale chini, mwenye simu ya kitochi. Friji ilifika. Ubavu wake una bonde hadi leo.

Kwa siku tatu hivi nilikuwa na kinyongo. Kisha nikafanya jambo ambalo simshauri mtu: nikawapitia wale 87 jina kwa jina, kama mwenye duka anavyopitia daftari la madeni. Theluthi nzima hawaishi Mwanza. Mmoja yuko Dodoma, wawili Oman, mmoja sijui yuko wapi ila kila siku ananitakia asubuhi njema kwa picha ya maua. Kuna mama anayeniuzia mchele. Kuna watu wanane tuliokutana kwenye kamati ya harusi. Harusi ikapita, grupu likabaki. Watatu sikuwakumbuka kabisa. Nikaona kwamba nilikuwa nawadai watu kitu ambacho sikuwahi kuwakopesha.

Jambo hili likizungumzwa, swali huwa ni lilelile: je, rafiki wa mtandaoni ni rafiki kweli? Swali lenyewe lina fundo. Linachanganya njia mnayowasiliana nayo na kilichopo kati yenu. Binamu yangu wa Igoma yumo kwenye simu yangu kama wengine, na wiki nyingine tunaandikiana tu bila kuonana. Upande wa pili, yupo mzee ninayesalimiana naye kituo cha daladala kila asubuhi, mwaka wa sita sasa, kwa heshima zote, "mwangaluka" na "mwangaluka", na jina lake silijui. Yule wa kwenye simu ndiye wa karibu, na huyu ninayemshika mkono kila siku ndiye wa mbali. Kwa hiyo kioo cha simu sicho kinachotenganisha.

Sehemu ya mkanganyiko inatokana na neno. Facebook ilipoanza mwaka 2004 ilihitaji jina la mtu uliyemkubali aone mambo yako, ikachukua neno lililokuwa tayari na kazi yake: rafiki. Ukomo ikauweka kwenye marafiki 5,000. Meli ya New Victoria, ile ya kwenda Bukoba, inabeba abiria 1,200. Ukiwaalika marafiki zako wote safari moja, utajaza meli nne na wengine 200 watabaki bandarini na mabegi yao.

Kiswahili chenyewe hakikuwa na uhaba huo. Tuna jirani, tuna mshikaji, tuna sahibu, mwandani na msiri. Na kwa walio wengi tuna maneno ya kawaida kabisa, "tunajuana", "namfahamu kwa sura". Hata simu zetu zinasema ukweli kuliko Facebook. Angalia ulivyohifadhi majina. "Fundi Bomba Nyakato." "Mama Sato." "Boda Kona ya Bwiru." "Dalali Buhongwa 2", maana Dalali Buhongwa 1 alikula hela ya kuonyesha chumba akapotea. Mtu uliyemhifadhi kwa kazi yake, unamjua kwa kazi hiyo. Hakuna ubaya. Ubaya unaanza pale unapomtegemea Fundi Bomba aje kukulilia msibani, au unapomsema kwamba hakuja.

Na wale tunaowafuata, wasanii na watangazaji, hao tuwaweke kando haraka. Mwaka 1956 Wamarekani wawili, Donald Horton na Richard Wohl, walieleza jinsi mtazamaji wa televisheni anavyojenga ukaribu na mtu wa kwenye kioo ambaye hamjui wala hatamjua. Intaneti haikuuleta ukaribu huo wa upande mmoja. Imeuongezea tu sehemu ya kuandika maoni.

Turudi kwa wanaojuana pande zote mbili. Kitu cha kwanza kinachotofautisha ni saa, yaani saa zenyewe za ukutani. Mwaka 2018 mtafiti Jeffrey Hall wa Chuo Kikuu cha Kansas, Marekani, alichapisha utafiti kuhusu watu wazima waliohamia mji mpya na wanafunzi wapya wa chuo. Aliwauliza wametumia muda gani na watu waliokutana nao, na sasa wanawaitaje. Ilichukua kama saa 50 mtu kutoka kujuana kwa kawaida hadi urafiki wa juujuu, kama saa 90 kuwa rafiki, na zaidi ya 200 kuwa rafiki wa ndani.

Hesabu hiyo ipeleke ziwani. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikikomaa, taa haivuti na mitumbwi hupumzika. Weka usiku 20 kwa mwezi, saa kumi kila usiku: wavuvi wa mtumbwi mmoja wanafikisha saa 200 ndani ya mwezi. Hall anaonya kwamba saa za kazi tupu hazijengi ukaribu kama saa za kula, kucheka na kukaa bila sababu. Ni sawa, ila nadhani hajawahi kukaa kwenye mtumbwi wa dagaa. Taa ikishawashwa kinachofuata ni kungoja dagaa wakusanyike, na kungoja huko ni stori tupu mpaka alfajiri.

Sasa chukua simu. Mtu mnayeandikiana dakika mbili kwa siku, kila siku bila kukosa, kwa mwaka mmekaa pamoja saa 12. Kufika 200 mnahitaji zaidi ya miaka 16. Na hizo ni dakika za "vipi", "poa", "nawe je".

Saa zetu hazitoshi kila mtu, na hapo ndipo jina la Robin Dunbar hutajwa. Mwanaanthropolojia huyu Mwingereza alilinganisha ubongo wa nyani na ukubwa wa makundi yao, na mwaka 1992 akakadiria kwamba binadamu anaweza kushika mahusiano ya kueleweka na watu wapatao 150. Ndani yao wako kama 50 wa kualika, 15 wa kutegemea, na watano wa moyoni. Namba ya 150 imepingwa. Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stockholm walirudia hesabu na kuonyesha kwamba njia ile haiwezi kutoa namba moja ya uhakika. Mimi nafuata zaidi utafiti ambao Dunbar mwenyewe aliuchapisha mwaka 2016 kuhusu watumiaji zaidi ya 3,000 wa Uingereza. Marafiki zao wa Facebook walikuwa 150 na ushee kwa wastani. Walipoulizwa ni wangapi kati ya hao wangewakimbilia wakipata tatizo kubwa, wastani ulikuwa wanne.

Wanne. Nilipolisoma nililitazama friji langu.

Lakini saa pekee hazielezi kila kitu. Kilichobaki nilikielewa Mwaloni, kwenye soko la dagaa la Kirumba, kwa mama mmoja niliyekuwa jirani yake kabla sijahama. Asubuhi moja nilimpelekea chaja aliyoisahau nyumbani nikamkuta amekaa juu ya gunia, mkono mmoja umezama ndani ya dagaa, anachota, ananusa, anatafuna mmoja kusikiliza kama una mchanga. Dagaa waliokaushwa juu ya chanja hawalii menoni. Waliotandazwa chini wanalia. Mkono wa pili umeshika simu. Humo mna wateja wa Tunduma, Bujumbura na Lubumbashi.

Ukaingia ujumbe. Mtu anataka gunia 40, namba kaipata kwenye grupu la wafanyabiashara, na kwa kujitambulisha ametuma picha ya kitambulisho, mbele na nyuma. Mama akabonyeza kitufe cha sauti: "Karibu sana baba, mzigo upo. Nani anakujua hapa Mwaloni?"

Tiki mbili za bluu. Kimya.

Nikamwambia, mama, kitambulisho si kinatosha? Akanitazama kama mtu aliyeuliza kama ziwa lina maji. "Kitambulisho kinanionyesha jina lake. Hakinionyeshi nitamlilia nani."

Ilipita kama saa moja. Yule bwana akarudi na jina la dereva wa fuso. Mama hakupiga namba aliyopewa. Alimpigia kelele kuli mmoja, kuli akamwita mwingine, na ndani ya dakika kumi akapatikana mtu aliyesema, "Yule wa Tunduma mwenye kovu? Kaka yake kaoa kwa kina fulani, hapo Kayenze." Gunia 20 zikalipwa kwa simu, 20 zikatoka kwa mali kauli. Mali kauli ni mzigo unaokwenda kwa neno tu, bila karatasi, bila rehani, pesa ikija baadaye. Haukuaminiwa uso wa yule mteja. Kilichoaminiwa ni kaka yake, shemeji zake wa Kayenze, na yule dereva ambaye Jumatano atakuwa hapa tena.

Mwanasosholojia wa Marekani James Coleman aliandika mwaka 1988 kuhusu wafanyabiashara wa almasi wa New York. Mmoja humkabidhi mwenzake mfuko wa mawe ya thamani kubwa akayakague peke yake, bila hati wala bima. Anaweza kubadilisha jiwe moja na hakuna wa kumwona. Habadilishi, kwa sababu familia zao zinaoana, wanaishi mtaa mmoja na kusali pamoja. Akiiba anapoteza ndugu, jirani na mahali pa kusali kwa siku moja. Coleman alikuwa akieleza Mwaloni bila kujua.

Hapo ndipo, kwa maoni yangu, tofauti ilipo. Mtu unayemjua mtaani haji peke yake. Anakuja na mama yake anayekujua kwa jina, kinyozi wenu, kanisa au msikiti wake, timu mliyochezea, deni lake dukani. Akikukosea, kuna mtu wa kumwambia. Ukimkosea, naye anajua pa kwenda. Mtu wa mtandaoni, hata awe mwema kiasi gani, huja peke yake: picha, jina na maneno. Nyuma yake hakuna mlango unaoweza kuupiga hodi.

Upweke huo una faida zake, tusidanganyane. Watu walio nyuma ya rafiki wa mtaani wana masikio. Mueleze mshikaji wako wa Kirumba kwamba ndoa inayumba; habari itafika kwa mama mkwe kabla hujavuka Mto Mirongo. Ndiyo maana wengi wanamwandikia mtu wa mbali mambo ambayo hawajamwambia ndugu yao. Hana wa kumpelekea.

Hasara yake nayo tunaijua. Ule ujumbe maarufu, "ile hela tuma kwenye namba hii", umefika kwenye simu ya karibu kila Mtanzania. Ujanja wake ni kubahatisha: katika watu elfu, wapo watakaokuwa kweli wanadaiwa hela na mtu fulani leo, na watadhani ni yeye. Tapeli hana watu nyuma yake, hivyo anaazima wa kwako. Anayedukua akaunti ya shangazi yako na kuomba elfu hamsini anafanya vilevile. Laini siku hizi zinasajiliwa kwa alama za vidole, na ukipiga *106# unaona namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Sheria ya Makosa ya Mtandao ipo tangu 2015. Yote hayo yanawapa polisi jina. Wewe bado huna wa kumlilia.

Basi wale 80 na ushee nao ni wa nini? Ni wa thamani, na hapa nilijifunza kuacha kinyongo. Mwaka 1973 Mark Granovetter, Mmarekani mwingine, alichapisha makala kuhusu nguvu ya mahusiano dhaifu. Aliwahoji watu wa Newton, karibu na Boston, waliokuwa wamebadili kazi. Katika waliopata kazi kupitia mtu, asilimia 17 tu hivi walikuwa wakimwona mtu huyo mara kwa mara. Zaidi ya asilimia 55 walimwona mara mojamoja, na karibu 28 walikuwa hawamwoni ila kwa nadra. Sababu si ngumu: watu wako wa karibu wanajua yaleyale unayoyajua. Mnakaa kijiwe kimoja, mnasikia tetesi zilezile. Nafasi iliyotangazwa Geita inajulikana kwa mtu wa Geita. Mwaka 2022 jarida la Science lilitoa utafiti uliofuatilia watumiaji milioni 20 wa LinkedIn, mtandao wa watu wa kazi, kwa miaka mitano, ukakuta kwamba wanaosaidia zaidi kupata kazi ni wa katikati, wasio wageni kabisa wala wa ndani kabisa. Wale wa kamati ya harusi, kwa mfano. Kijana wa kaka yangu alipomaliza chuo pale Malimbe, nafasi ya kujitolea iliyokuja kuwa ajira aliambiwa na mmoja wa hao wanane. Binamu yangu wa Igoma, aliyebeba friji upande mzito, hakuwa na la kumwambia.

Kuna uhusiano mmoja unaonipa taabu katika maelezo yangu haya, na sitaki kuuruka. Shemeji yangu ana mtoto mwenye selimundu (sickle cell). Inakadiriwa watoto wapatao 11,000 huzaliwa na ugonjwa huo kila mwaka nchini, na Kanda ya Ziwa ina mzigo mkubwa. Yumo kwenye grupu la akina mama wenzake, wengi hawajawahi kuonana. Nilikuwa kwao usiku mmoja ilipoingia sauti kutoka Nansio, mama analia kwamba mtoto anaumwa mifupa. Ilikuwa saa nane. Ndani ya dakika moja watatu walikuwa macho. Mpe maji kidogokidogo mengi. Mfunike, asishikwe na baridi. Ile dawa ya maumivu aliyoandikiwa, umempa saa ngapi? Pima joto, kama ana homa usingoje asubuhi, peleka hospitali sasa hivi. Shemeji hakuweka simu chini hadi yule mama alipoandika kwamba wamefika.

Nikamuuliza kama huyo wa Nansio ni rafiki yake. Akasema, "Sijui anafananaje. Lakini najua mwanae amelazwa mara ngapi." Huyu hakuja peke yake mtandaoni. Nyuma yake kuna mtoto, na mtoto huyo ana jina, tarehe za kliniki na kiwango cha damu ambavyo wenzake wanavijua kwa kichwa. Saa 200 wamezimaliza zamani, zote za usiku.

Na yule wa Dodoma? Tulifahamiana kwenye mafunzo ya wiki moja, miaka minne iliyopita. Tangu hapo ni stetasi kwa stetasi. Kwenye orodha yangu ya hasira nilikuwa nimemweka kundi la watu wa mioyo. Mwezi uliopita alinipigia saa kumi na mbili jioni: "Kaka, nipo stendi ya Nyegezi, semina inaanza kesho, sijui pa kulala." Nikaenda kumpokea. Alikuja na begi moja na boksi la zabibu, akapanda ngazi zile za mawe usiku kwa tochi ya simu, akisimama kila kona kuvuta pumzi. Tulipofika juu alinawa, akafungua friji kuweka zabibu, akapapasa lile bonde ubavuni, akaniuliza, "Hivi hili mlilipitisha wapi?"